Nimestaafu, sisomi noti, lakini nataka kupiga kinanda kwa kusikia

BARUA

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Tororo. Mimi ni mama wa miaka 61, mstaafu wa polisi. Kazi ilinizungusha Arua, Gulu na Jinja kabla ya kunirudisha nyumbani, na kwa kuwa Kiswahili ndicho tulichokizungumza kambini, watoto wangu wamekua nacho na hata sala zangu nyingi nazisali kwa lugha hii. Tangu nikiwa msichana naimba sauti ya pili kanisani. Kila kituo nilichohamishiwa, nilitafuta kwanza kwaya, ndipo nikaulizia soko. Muziki niliosoma ni solfa ya kwaya peke yake, do re mi, basi.

Mwaka jana binti yangu aliyeko Kampala aliniletea kibodi ya vitufe 61, maana amenisikia tangu utoto wake nikisema kwamba nikistaafu nitajifunza kinanda. Nilianza kwa mwalimu mmoja anayefundisha watoto hapa mjini. Alinipa kitabu cha noti za mistari mitano, akasema kwamba mtu asiyesoma noti hapigi kinanda, anabahatisha tu. Nilijitahidi, lakini macho yalihangaika kati ya mistari na vidole, wimbo wenyewe ukawa hauji, na watoto wa darasa la tatu wakanipita huku nikiwaona. Nikaacha. Baadaye mjukuu wangu akanionyesha video za intaneti ambamo taa za rangi hushuka na kuangukia vitufe vya kubonyeza. Kwa njia hiyo nimekariri nyimbo mbili za kanisani, lakini kidole kikiteleza katikati siwezi kuendelea, sharti nirudi mwanzo. Na kiongozi wa nyimbo akianzisha juu au chini kidogo kuliko video, basi mimi na kibodi yangu tumekwisha.

Kijana anayepigia kwaya yetu kinanda huufuata wimbo wowote utakaoanzishwa, hata ule asiopata kuusikia. Nilimwomba anielekeze. Akanijibu kwa upole, "Mama, kusikia ni kipaji. Mtu huzaliwa nacho, na asipoanza utotoni sikio linajifunga." Ni rika la kitindamimba wangu na hakunivunjia heshima, ila neno lile limenikaa moyoni.

Je, ni kweli alivyosema? Je, naweza kuachana na noti bila kujidanganya? Kama inawezekana, nianzie wapi, nikizingatia kwamba asubuhi vidole vyangu huwa vigumu kidogo? Tena mwanangu wa kiume anasema kibodi ni kitu cha watoto na anataka kuninunulia piano kamili ya vitufe 88. Sijui nimkubalie au nimzuie.

Mama Mstaafu,
Tororo

JIBU

Mama Mstaafu, pokea heshima zangu.

Nianze na kijana wa kinanda, kwa kuwa neno lake ndilo linalokuzuia. Alichokisema kina ukweli wa upande mmoja. Upo uwezo wa mtu kusikia sauti moja peke yake, bila kuilinganisha na nyingine, akaitaja papo hapo kuwa ni A au ni F. Wenye uwezo huo ni wachache, wengi wao walianza muziki wakiwa wadogo sana, na ni nadra mno mtu mzima kuupata. Lakini kupigia kwaya kinanda hakuhitaji uwezo huo. Kunahitaji mwingine, ule wa kusikia umbali kati ya sauti na sauti: kwamba hii imepanda hatua mbili kutoka ile, kwamba hapa wimbo umetua, kwamba pale umebaki unangoja kutua. Huu hufundishika katika umri wowote, na wewe unao tayari. Ushahidi umeuandika mwenyewe. Kiongozi akianzisha wimbo juu kidogo, kibodi yako inapotea, ilhali wewe unaiingia sauti ya pili bila kutetereka wala kumwomba mtu akutajie upya pa kuanzia. Koo lako linahamisha ki, yaani mahali do inapokaa, kila Jumapili. Vidole ndivyo ambavyo havijafundishwa kulifuata.

Kuhusu noti za mistari, mwalimu wako alifundisha kama walimu wengi wanavyofundisha, na mtu anayejiandaa kwa mitihani ya muziki, au anayetaka kupiga kazi za watunzi wa Ulaya kama zilivyoandikwa, hana budi kupita huko. Kusema kwamba asiyezisoma anabahatisha, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mpiga akogo wa Teso, ile ala ya vidole gumba, mpiga adungu wa West Nile, kile kinubi, na wale wapigaji watatu wa amadinda, marimba ya Buganda, ambao huketi kwenye vibao 12 na kupishanisha mapigo kwa kasi ambayo jicho haliifuati, wote wamerithi kazi yao kwa kusikiliza na kutazama mikono ya waliowatangulia. Hakuna anayewaita wabahatishaji.

Isitoshe, hukosi noti kabisa. Solfa ilianzishwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ikaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, kwa shabaha hasa ya kuwawezesha watu wa kawaida kuimba bila kuhangaika na mistari mitano, na wamisionari wakaitandaza Afrika pamoja na vitabu vyao vya nyimbo. Sifa yake kubwa ni kwamba do haina makazi ya kudumu: inakaa popote wimbo ulipoanzishiwa, na sauti nyingine zote zinajipanga kuifuata. Mtu anayetaka kupiga kwa kusikia anahitaji kifaa cha namna hiyohiyo, nawe unacho tangu ujana. Kwa hiyo, ndiyo, weka kile kitabu kabatini bila kujilaumu. Ukitaka kukifungua baadaye kitakuwa rahisi zaidi, kwa sababu utakuwa unasoma majina ya sauti ambazo vidole vimekwisha kuzijua.

Video za taa ndizo ningekushauri uziache mara moja. Zinafundisha jicho kuona na mkono kukumbuka mpangilio wa mahali, lakini sikio halipewi kazi yoyote. Ndiyo maana ukiteleza huwezi kuendelea: unajua kitufe kinachofuata, hujui ni sauti gani ya wimbo. Ungejua kwamba uliyoikosa ilikuwa la na inayofuata ni so, ungeirukia so na kusonga mbele na wenzako.

Sasa, pa kuanzia. Chagua wimbo ambao hata ukiamshwa usiku wa manane utauimba, lakini kwa sasa usiwe wa kwaya, na nina sababu. Mtu aliyeimba sauti ya pili maisha yake yote ana mtego ambao mwimbaji wa sauti ya kwanza hana. Akitafuta wimbo wa kanisani kwa sikio, vidole humwelekeza kwenye sauti ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyomo kichwani mwake, na anaweza kupiga ubeti mzima bila kosa huku aliyeko chumba cha pili asitambue ni wimbo gani. Anza na wimbo ambao sote tunauimba kwa sauti ya kwanza, ule wa kumpongeza mtu siku yake ya kuzaliwa. Uimbe taratibu kwa solfa: so so la so do ti, so so la so re do, so so, kisha so ya juu, mi do ti la, fa fa mi do re do.

Ukishauimba hivyo bila kusita, tafuta C, yaani kitufe cheupe kilicho kushoto tu mwa jozi ya vitufe viwili vyeusi. Hiyo ndiyo do yako kwa leo. So ya kuanzia utaipata kwenye G iliyo chini yake, cheupe cha tatu kushoto mwa C. Imba sauti moja, kisha itafute kwa kidole. Ukiikosa, usikimbilie simu wala usijaribu vitufe ovyo hadi kimoja kikubali. Nyamaza, imba tena ile unayoitaka, na ujiulize kama iko juu au chini ya hiyo uliyobonyeza, na kwa hatua kubwa au ndogo. Koo litangulie, kidole kifuate. Mwanzoni kazi hii huenda polepole kiasi cha kukera, na mstari mmoja unaweza kukumalizia jioni nzima, lakini mstari ulioupata kwa njia hii hautoki kichwani kama ule wa taa.

Wimbo ukikaa kwenye C, usiuache ukaenda kwenye mwingine. Uhamishie F, cheupe cha tatu kulia mwa C, yaani F sasa iwe do, kisha uhamishie G. Kwenye F utafika kwenye fa na kukuta kitufe cheupe kinasikika vibaya. Sikio litakusukuma kwenye cheusi kilicho nusu toni chini yake, yaani kinachopakana nacho kushoto, B-flati. Kwenye G ni ti ndiyo itakayokataa F nyeupe na kutaka cheusi kilicho juu yake. Hakuna haja ya kukariri kanuni hizi mapema, maana utakapozigundua mwenyewe kwa kusikia kwamba kitu hakijakaa sawa, ndipo zitakapokuwa zako. Wimbo mmoja katika ki tatu una faida kwako kuliko nyimbo tatu katika ki moja, kwa sababu tatizo ulilonitajia ni la ki. Baada ya huo, chukua wimbo wa taifa la Uganda. Ule alioutunga George Wilberforce Kakoma kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962 umeusikia ukipigwa na bendi kwenye magwaride mara nyingi kuliko raia wa kawaida, na nadhani hutapotea ndani yake.

Mkono wa kushoto ndipo wengi wanapojitia katika ugumu usio wa lazima kwa kutaka kukamata kodi nzima za vidole vitatu, yaani sauti tatu zinazolia pamoja, tangu siku ya kwanza. Wewe upe sauti moja tu ya chini. Kodi kuu za ki yoyote ni tatu: ya do, yenye do, mi na so; ya fa, yenye fa, la na do; na ya so, yenye so, ti na re. Zikikusanywa pamoja zinabeba sauti zote saba za solfa, na kwa sababu hiyo tenzi nyingi na karibu mapambio yote ya kawaida yanaweza kupigwa kwa hizo tatu bila kuongeza kitu. Katika wimbo wetu wa kuzaliwa, mstari wa kwanza unaanza na do chini yake na kuishia kwenye so. Wa pili unaanza na so na kurudi do. Wa tatu unaanza na do na kutua kwenye fa. Wa nne unatoka fa, unapita do na so, unamalizia do. Piga sauti hizo moja moja kwa kidole kimoja cha kushoto huku mkono wa kulia ukiimba. Pale ambapo hujui ipi inafaa, jaribu zote tatu na usikilize. Mbili zitagombana na wimbo au zitauacha ukiwa mtupu, moja itaubeba.

Hapa kwaya yako ni shule ambayo mwanafunzi wa kitabu hana. Siku ya mazoezi, omba ruhusa uketi karibu na wanaume wa sauti ya nne, na badala ya kushughulika na sauti ya pili, fuata wanachoimba wao kimoyomoyo. Wanachokiimba kwa kiasi kikubwa ndicho mkono wako wa kushoto unachopaswa kukifanya. Rekodi kwa simu, nyumbani uifuatilie kwenye kibodi. Sikio la mtu wa sauti ya pili limezoea kujibana katikati ya wengine, kwa hiyo tayari linajua kusikiliza zaidi ya sauti moja kwa wakati mmoja. Kulishusha hadi besi hakutakupa taabu kubwa.

Jizoeze pia kuanza kila mahali isipokuwa mwanzo. Leo anzia mstari wa tatu, kesho kiitikio. Ukikosea, mkono wa kulia unaweza kunyamaza hata mstari mzima, lakini wa kushoto usisimame. Waumini hawatangoja urudi ubeti wa kwanza, wala hawataiona sauti moja iliyokosekana ikiwa besi inaendelea kutembea.

Na kiongozi akianzisha mahali usipopatarajia? Nyimbo nyingi za ibada hutua kwenye do katika neno la mwisho. Basi wakati wenzako wanaimba mstari wa kwanza, wewe usibonyeze kitu. Vumisha kimoyomoyo mwisho wa ubeti, itafute sauti hiyo taratibu kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo do yenu ilipo. Kwenye kibodi yako huenda ipo batani ya kuhamisha ki, ambayo vijana huiita transpozi. Ukizoea kupiga kwenye C na kiongozi ameanzisha kwenye E-flati, unapandisha namba hadi 3, kwa kuwa kila namba ni nusu toni, kisha unapiga vitufe vyako vilevile. Wapo wanaoibeza kuwa ni udanganyifu. Sioni hivyo kwa mtu anayeanza kuhudumia wenzake, ila nyumbani ningeiacha kwenye sifuri, kwa sababu ikiwashwa jicho linaona C huku sikio likipata kingine, na sikio lako ndilo tunalolifundisha. Na ukiitumia kanisani, irudishe sifuri wimbo unapokwisha. Mpiga kinanda aliyeisahau huingia wimbo unaofuata kwa kujiamini kabisa, katika ki ambayo hakuna mwingine anayeimba.

Jambo dogo la pembeni: ukija kujaribu nyimbo za kale za amadinda kwenye kibodi na zikakataa kukaa sawa, usilaumu sikio. Mpangilio wa sauti za amadinda hugawa oktava, yaani nafasi ya kutoka do hadi do ya juu yake, katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, hivyo baadhi ya sauti zake huangukia katikati ya vitufe vyako.

Kwa yule kijana, rudi, lakini na ombi tofauti. Ukimwambia mtu aliyejifunza kwa kusikia akufundishe kinanda, hajui aanzie wapi, maana hata yeye hakufundishwa kwa mpangilio, na ndipo anapojitetea kwa neno kipaji. Mwombe akuonyeshe mkono wake wa kushoto katika wimbo mmoja unaoutaja, pole pole, na umrekodi kwa ruhusa yake. Kisha, siku moja ya mazoezi, muulize kama unaweza kushika besi peke yake katika pambio moja huku yeye akipiga mengine. Jumapili kiti ni chake, na ni vyema ajue kwamba hukitamani. Wapiga vinanda wa kwaya ni watu wa wivu zaidi ya wanavyokubali.

Vidole vigumu vya asubuhi visikupe hofu, ila usivilazimishe. Piga mchana au jioni, au baada ya kuosha vyombo kwa maji ya vuguvugu, na ugawanye mazoezi katika vipande vifupi vya robo saa badala ya kikao kimoja kirefu. Ugumu unaoisha ukishaanza kuchezesha mikono ni jambo moja. Viungo vinavyovimba, vinavyopata joto au vinavyouma hata usiku ni jambo la kumwonyesha daktari. Kuhusu masikio, umri huanza kupunguza sauti nyembamba za juu sana, na kitufe cha mwisho kabisa cha piano kubwa hutoa takriban hezi 4,186, yaani mitetemo kwa sekunde, mbali juu ya pale kwaya inapoimbia, kwa hiyo nyimbo na besi zako hazimo hatarini kwa sababu hiyo. Lakini wewe umepita kwenye viwanja vya shabaha, na milio ya bunduki huharibu masikio bila kutoa taarifa. Ikiwa unapata taabu kushika maneno ya mtu mahali penye kelele, nenda ukapimwe, na hedifoni uziweke kwa sauti ya chini.

Mwanao mshukuru, kisha umzuie kwa sasa. Vitufe 61 ni oktava tano, na sauti nne za kwaya, kuanzia besi ya chini hadi sauti ya kwanza ya juu, zinaenea ndani yake na nafasi inabaki. Piano ya mbao ina uzito wa vitufe ambao kibodi haina na haihitaji umeme, hizo ni faida za kweli. Lakini inataka fundi wa kuitia sauti mara kwa mara, inataka chumba kisicho na unyevu, na mchwa wa kwetu unawajua. Kabla hajatoa fedha, aulizie kwanza fundi huyo yuko wapi na atatoza kiasi gani kufika Tororo. Akiwa bado anataka kukununulia kitu, stendi imara inayokuwezesha kukaa viwiko vikiwa usawa wa vitufe, pedali ya mguu na hedifoni vitakufaa mwezi huu huu. Na ikiwa kibodi yako inapokea betri, aongeze seti moja ya akiba, kwa ajili ya jioni za mazoezi ambapo umeme umekatika.